Vitamini na saratani ya tezi dume: mimina kikapu kwanza

Kikapu cha ukindu cha ami yangu kilikuwa kikining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, Langoni, na kila nilipokwenda Lamu nilikikuta kimezidi uzito. Mwanawe aliyeko Jeddah alimletea chupa mbili. Jirani akampa moja iliyobaki kwa marehemu babake. Nyingine alizinunua mwenyewe kwa mtu aliyepita na sanduku, simtaji. Miezi mitatu baada ya kuambiwa ana saratani ya tezi dume, ami alikuwa na chupa saba na akimeza vidonge kumi na vinne kila asubuhi kabla ya chai, mbali na dawa za presha na sindano ya homoni ya kila miezi mitatu. Daktari hakujua. Hakuuliza, na ami hakusema.

Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa Malindi miaka mingi, na vidonge hivi nimeviuza. Kwa hivyo usidhani naandika kuvipiga vita vyote. Viko vinavyofaa, lakini ni vichache kuliko tunavyoambiwa, na viwili vinavyopendwa zaidi na wagonjwa wa tezi dume ndivyo vilivyopimwa vikaanguka. Hizi ni hatua nilizozifuata na ami, kwa mpango uleule tuliouendea.

1. Mimina kikapu, soma lebo, jumlisha

Tandika mkeka, mimina kila kitu: chupa, poda, mafuta, hata ile pakiti ya "nguvu za kiume" iliyofichwa chini kabisa. Ya mwisho hiyo ndiyo watu huiacha mfukoni kwa haya. Itoe.

Chukua karatasi. Kwa kila chupa andika kilichomo, na dozi yake kwa siku. Hapa pana mtego mdogo: namba kubwa iliyo kwenye lebo huwa ni ya dozi nzima, si ya kidonge kimoja. Ami alikuwa na chupa ya madini yaitwayo seleniamu, iliyoandikwa maikrogramu 200, na kwa herufi za sisimizi chini yake, kwamba dozi ni vidonge vitatu. Yeye alikuwa akimeza vinne, kwa sababu "vidogo, mwanangu".

Ukimaliza, jumlisha kinachojirudia. Vitamini E ilikuwamo kwenye chupa tatu: yuniti 400 kwenye ya kwanza, 200 kwenye ya pili, 60 kwenye ile ya "wanaume waliopita miaka 50". Ami akidhani anakunywa dawa tatu tofauti, kumbe anakunywa ileile mara tatu, yuniti 660 kwa siku. Zinki nayo ilikuwamo kwenye nne. Kazi hii yote ilituchukua muda wa baina ya alasiri na magharibi, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine humu inayoleta faida kama hii.

2. Jua kila kimoja kimepimwa vipi

Naanza na vitamini E na seleniamu, kwa sababu ndivyo vilivyojaa kwenye kila chupa ya "tezi".

Sifa zake hazikutoka hewani. Kule Finlandi wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wa miaka 50 hadi 69, waligawiwa vidonge kwa kura: wengine vitamini E miligramu 50, wengine beta-karotini, wengine vyote viwili, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Lengo lilikuwa kuzuia saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliokula beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi. Lakini waliokula vitamini E walionekana kupata saratani ya tezi dume kwa uchache, karibu thuluthi moja pungufu. Hapo ndipo biashara ilipoanza.

Jambo hilo lilikuwa limejitokeza pembeni, wala halikuwa swali lililoulizwa, kwa hivyo likahitaji jaribio lake lenyewe. Mwaka 2001 Marekani, Kanada na Puerto Rico zikaanza jaribio lililoitwa SELECT, wanaume zaidi ya 35,000 wasio na saratani. Vitamini E yuniti 400, au seleniamu maikrogramu 200, au vyote, au vidonge vitupu. Mwaka 2008 waliambiwa waache kumeza, kwani faida haikuonekana. Walipoendelea kufuatiliwa, mwaka 2011 likatoka lililowashtua wengi: waliokula vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliokula vidonge vitupu. Kwa hesabu ya watu, ni 76 katika kila 1,000 kwa miaka saba, badala ya 65.

Soma tena ile dozi: yuniti 400. Ndiyo iliyomo kwenye kile kidonge laini cha manjano tunachouza kila siku.

Utaniambia, hao hawakuwa wagonjwa. Kweli. Basi tuwatazame waliokwisha kuugua. Wanaume zaidi ya 4,000 wa Marekani wenye saratani ya tezi dume isiyosambaa walifuatiliwa, na mwaka 2015 ikachapishwa kwamba waliokuwa wakila seleniamu ya vidonge, maikrogramu 140 au zaidi kwa siku, walikufa kwa saratani hiyo mara mbili na nusu hivi kuliko wasioila. Huo ulikuwa ufuatiliaji tu, si jaribio la kura, kwa hivyo hauthibitishi kuwa vidonge ndivyo vilivyoua. Lakini mimi nikiwa na tezi yenye saratani singengoja kuthibitishiwa. Na mla samaki wa Lamu, mwenye changu na jodari sahanini, seleniamu anaipata mezani bila ya chupa.

Zinki ina hoja yake tamu. Muuzaji atakwambia tezi dume yenye afya ina zinki nyingi, na yenye saratani inaipoteza. Hapo hasemi uongo. Kosa ni kudhani kwamba ukiimeza itarudi mahali pake. Wanaume waliofuatiliwa Marekani wakila zaidi ya miligramu 100 kwa siku walionekana kupata saratani iliyokomaa mara mbili na zaidi. Mpaka wa juu kwa mtu mzima ni miligramu 40, chakula kikiwemo. Jumlisha zako.

Asidi ya foliki: kwenye jaribio moja la Marekani lililohusu uvimbe wa utumbo, wanaume waliokula miligramu 1 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 9.7 katika miaka kumi, na wa vidonge vitupu 3.3. Folati, yaani vitamini hiyohiyo ilivyo kwenye chakula kama mchicha, haikuonyesha balaa hilo. Tena unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti, kwa sheria ya Kenya tangu 2012, hutiwa asidi ya foliki kiwandani, kwa hivyo chapati yako imeshakupa fungu lako.

Vitamini C ina mtetezi aliyekuwa na jina kubwa, Linus Pauling, mkemia wa Marekani mwenye Tuzo mbili za Nobel. Yeye na daktari mwenzake wa Skotlandi waliandika mwaka 1976 kwamba dozi kubwa huwarefushia maisha wagonjwa wa saratani. Hospitali ya Mayo ikajaribu gramu 10 kwa siku za kumeza, ikatoa matokeo 1979 na tena 1985: hakuna faida. Pauling mwenyewe, aliyekuwa akila vitamini C kwa wingi miaka na miaka, alikufa 1994 kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka 93, kwa hivyo kila upande humtaja kwa hoja yake. Kwa mtu wa pwani nina onyo jingine: huku kwetu kuna wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, uliorithiwa katika nchi za malaria, na mtu kama huyo akidungwa vitamini C nyingi kwa dripu, damu yake inaweza kuvunjika. Ukiambiwa kuna mahali wanatia dripu ya vitamini C kwa saratani, uliza kwanza kama watakupima G6PD. Wakikutumbulia macho, inuka uondoke. Ndimu haimdhuru.

Tungule, au nyanya kama wanavyoita bara, zina rangi iitwayo laikopini, na mwili huichukua vizuri zaidi zikipikwa na mafuta. Yaani mchuzi. Haijathibitishwa kwamba laikopini inatibu, lakini mchuzi wa samaki wenye tungule nyingi sijamkataza mtu yeyote, na sioni haja ya kuinunua ndani ya kidonge.

3. Tafuta upungufu wa kweli, si wa kubahatisha

Vitamini D nimeiweka mpaka hapa makusudi. Kama kinga ya saratani haikufaulu: jaribio la Marekani la watu zaidi ya 25,000, yuniti 2,000 kwa siku, lililotoa matokeo 2018, halikupunguza saratani ya tezi dume wala nyinginezo. Lakini mgonjwa aliye kwenye sindano za homoni, au aliyetolewa korodani, ana shida nyingine. Tiba hiyo huizima homoni ya kiume, na homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia mifupa. Mifupa inapungua uzito kimyakimya, mpaka siku mtu ateleze. Na nyumba zetu za mawe unazijua: ngazi za mwinuko, vidato vyembamba, giza la asubuhi, maji ya udhu.

Kwa hivyo mtu huyo ndiye mwenye haki ya kuuliza kuhusu vitamini D na kalisiamu. Kwa kawaida hulengwa kalisiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na kidonge kwa pamoja, na vitamini D yuniti 800 hadi 1,000, daktari akipandisha au kushusha kwa kipimo cha damu. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huhesabiwa humo. Usifikiri jua la Lamu linatosha kwa kuwa ni kali. Mzee anayetoka nyumbani kwenda msikitini kwa vichochoro vyenye kivuli na kurudi, jua hilo analiona kwa wenzake.

Omba kupimwa vitamini D, kalisiamu na figo kabla ya kuanza. Mwenye kisukari anayetumia metifomini apimwe pia B12, maana dawa hiyo huishusha. Kipimo kikionyesha pungufu, jaza. Kisipoonyesha, umeokoa pesa.

4. Karatasi ifike kwa daktari

Ami alikuwa na hofu moja tu. "Ataniona mshamba," alisema. Nikamwambia, "Ami, atakuona mtu anayejua hesabu."

Si lazima uhutubu. Mpe karatasi, mwambie: "Daktari, hivi ndivyo ninavyovimeza nyumbani. Kipi kinapigana na matibabu yangu?" Iwe King Fahd hapa Lamu, hospitali ya Malindi, au kliniki ya saratani ya Coast General kule Mombasa, swali ni hilohilo. Kisha mkumbushe kama lolote kati ya haya linakuhusu:

- Uko kwenye mionzi au kemo, au utaanza. Mionzi huua seli za saratani kwa sehemu kubwa kwa kuzalisha chembechembe za oksijeni zenye ukali, na vitamini E na C kwa dozi kubwa kazi yake ni kuzipoza. Unaweza kuwa unamlinda adui.
- Utakatwa kinyama cha tezi cha kupimwa, au utafanyiwa upasuaji. Vitamini E na mafuta ya samaki kwa dozi kubwa hufanya damu ichelewe kuganda. Mara nyingi huambiwa uache wiki moja au mbili kabla.
- Unakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Vitamini E huiongezea nguvu, vitamini K huivunja nguvu. Hapa hata mboga inaingia: kisamvu na mchicha si haramu, ila kiasi kisipande na kushuka kila wiki.
- Unakunywa abirateroni, vidonge vya kutibu saratani ya tezi dume. Hiyo inataka tumbo tupu, saa mbili baada ya chakula na saa moja kabla ya kingine. Usiichanganye na rundo la vidonge vya mafuta vinavyotaka chakula.
- Unajipima sukari nyumbani. Vitamini C kwa dozi kubwa huzidanganya baadhi ya mashine, zikasoma sukari juu kuliko ilivyo.

Habasoda, poda ya mlonge na dawa ya tabibu viandikwe kwenye karatasi ileile. Mlonge wa kupika na nazi ni mboga. Mlonge uliokaushwa ukashindiliwa kwenye kapsuli ni kitu kingine kwa dozi nyingine.

5. Ishuku chupa yenyewe

Marekani kuliwahi kuuzwa dawa ya mitishamba minane kwa ajili ya saratani ya tezi dume, jina lake PC-SPES. Na ilifanya kazi! PSA za watu, yaani kile kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, zilishuka, madaktari wakaanza kuichunguza kwa heshima. Mwaka 2002 ikaondolewa sokoni, kwani ilipopimwa maabara ilikutwa na dawa za kiwandani: warfarini, na homoni ya kike ya kutengenezwa ambayo zamani ilitumika kutibu saratani hiyohiyo. Siri ya mitishamba ilikuwa hiyo. Basi chupa ikishusha PSA haraka mno, usishangilie kabla hujajua kilichomo.

Nunua kwenye duka lenye mfamasia aliyesajiliwa. Dawa nchini Kenya husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Tazama muhuri wa kifuniko na tarehe. Kapsuli za mafuta zilizosafiri kwenye buti la basi kutoka Mombasa, halafu zikakaa juani Mokowe zikingoja boti, mara nyingi hufika zimegandana kama halwa. Zilizogandana usizimeze, na ya marehemu usiipokee, hata kwa mapenzi.

6. Kimoja kwa wakati

Daktari akikubali viwili, anza kimoja. Andika tarehe. Ngoja wiki mbili ndipo uanze cha pili, ili tumbo likichafuka ujue nani mwenye kosa.

Kalisiamu usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, ile ya kaboneti pamoja na chakula. Ramadhani hili linaingia vizuri, moja kwenye futari na moja kwenye daku, ikiwa daktari amekuruhusu kufunga. Vitamini D usipite yuniti 4,000 kwa siku bila amri yake. Ikizidi, kalisiamu hupanda kwenye damu: kiu isiyokatika, choo kigumu, mkojo mwingi, akili kutangatanga. Vitamini B6 ya dozi kubwa ya muda mrefu hutia ganzi miguuni, kichekesho kwa kuwa watu huinunua kuondoa ganzi.

Na hapa nisimame kidogo. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume ambaye miguu imeanza kulegea au kufa ganzi, mgongo unauma hasa usiku, mkojo au choo kimemtoka bila kujijua, huyo hana upungufu wa vitamini. Huenda saratani inabana uti wa mgongo, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu miguu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nimewaona walioanza na vidonge vya neva wakakaa navyo wiki nzima.

7. Kabla ya kupima PSA

Vidonge vya nywele na kucha huwa na biotini (vitamini B7) nyingi, maikrogramu 5,000 au 10,000, na mashine kadhaa za maabara huchanganyikiwa nayo, zikatoa PSA ya chini isiyo ya kweli. Iache siku tatu kabla na uwaambie maabara. Siku mbili kabla, pumzika tendo la ndoa na baiskeli. Vitabu vinataja baiskeli tu, lakini sioni kwa nini punda asamehewe.

Daktari wa ami alichukua kalamu akafuta mistari mitano palepale. Vitamini D akaibakisha, kalisiamu akaipunguza nusu kwa sababu mzee anakunywa maziwa ya ngamia kila jioni. Chupa zilizofutwa nilizibeba mpaka dukani kwangu zikaharibiwe pamoja na dawa zilizopitwa na wakati, zisiishie baharini.

Jirani alikuja kuiulizia yake. Shemeji yake wa Faza naye ameambiwa ana tezi. Ami akamtazama, akamtilia kahawa, akamwambia aende akalete kikapu chake wakimimine.